Mizinga ya Tanga na Ujumbe Usio na Mwenyewe

Simu ikijaa haisemi imejaa nini. Inakuletea kijimaandishi kwamba nafasi imekwisha, basi, pa kufukua utapajua mwenyewe. Kwetu sisi mafundi simu wa Ngamiani hiyo ni riziki. Wateja wangu wengi wa asubuhi ni watu wazima, na shida yao ni ile ile: picha haipigiki, sauti ya mjukuu haifunguki, WhatsApp imegoma. Nikifungua zilikohifadhiwa picha nakuta bustani. Waridi jekundu lenye umande, "Asubuhi njema". Waridi jeupe, "Ijumaa Karim". Kikombe cha chai kinafuka moshi. Paka. Dawa ya presha ya majani ya mpera. Tangazo la kazi lililopitwa na wakati mwaka juzi. Na maneno ya Shaaban Robert ambayo Shaaban Robert hakuyasema hata siku moja, kwa sababu yule mzee wetu wa Vibambani alifariki 1962 na nukuu yenyewe inahusu kuchunga bando.

Basi siku moja akaja mwalimu mstaafu, jirani yangu barabara ya pili kutoka kibandani, akaiweka simu juu ya meza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Isafishe hii. Toa vyote."

"Vyote?"

"Vyote. Ila nyuki uniachie. Nina kesi nao."

Niliwatafuta nyuki wake katikati ya mawaridi nikawapata. Ulikuwa ujumbe wa maandishi, na juu yake vile vishale viwili vinavyoonyesha kwamba umepita mikononi mwa watu wengi. JE WAJUA? Mwaka 1914 Wajerumani waliwapiga Waingereza 8,000 hapa Tanga kwa kutumia NYUKI WALIOFUNZWA! Walitega mizinga kwa kamba, Mwingereza akijikwaa tu, nyuki hao! Tuma kwa watu 10 waijue historia yao.

Nikamwambia mwalimu mbona ni habari tamu. Akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyeandika jibu sahihi kwa hesabu ya kuibia.

"Tamu ndiyo. Lakini Mjerumani kapewa nyuki wa watu."

Kisa hiki nusu yake ni kweli, ndiyo maana hakifi. Uongo mtupu hauishi miaka mia na kitu, unahitaji ukweli wa kuegemea. Usiku ule nilinunua bando la usiku, nikasoma mpaka macho yakauma, na kesho yake mwalimu akanisahihisha palipobaki. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, HMS Fox, ilifika mbele ya mji. Nahodha wake, Caulfeild, akampa mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, saa moja awe ameusalimisha mji. Kisha akamwuliza kama bandarini kumetegwa mabomu. Hapo nilisimamisha kusoma nikacheka peke yangu. Unamwuliza adui yako kama ameficha silaha mlangoni, unatarajia akujibu hapana, karibu ndani? Auracher akarudi nchi kavu, akapeleka habari kwa waya, akavaa magwanda. Waingereza wakabaki wanazoa mabomu ambayo hayakuwapo, na huku treni zinateremka kutoka Moshi na askari wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani huku kwetu. Reli ile ilianza kujengwa hapa hapa Tanga mwaka 1893, na kufika Moshi ilikuwa imefika miaka michache tu kabla ya vita. Wangekuja kwa miguu, pengine leo tungekuwa tunasimulia mengine.

Wala ujio wenyewe haukuwa siri. Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kwamba barua zilizokamatwa zilikuwa zimeshataja jeshi linalokuja kutoka India. Kwa hiyo hata enzi hizo mtu akiandika kwa ndugu yake "usimwambie mtu", ilikuwa imeshatoka.

Waingereza walikuja na watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken, wengi wao askari wa Kihindi waliokaa melini majuma kadhaa, tumbo linapanda na kushuka. Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,000, na walio wengi katika hao ni askari weusi, watu wa huku. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4, kuanzia upande wa Raskazone kuja mjini. Tarehe 5 Waingereza wakapanda meli zao kurudi. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wao walizidi 800. Waliacha bunduki za rashasha, bunduki za kawaida kwa mamia, risasi 600,000, na, hapa ndipo roho ya ufundi iliponiuma, vifaa vya simu.

Sasa nyuki. Nyuki walikuwapo, hilo halina ubishi. Mitini kulikuwa na mizinga ya magogo, ile ile ambayo hata leo ukienda Handeni utaiona imening'inia. Risasi zikaipasua, nyuki wakatoka, wakamwuma kila aliyekuwapo. Hawakuchagua bendera. Waingereza na Wahindi walikimbia, na bunduki kadhaa za rashasha za Wajerumani nazo zilinyamaza kwa ajili ya nyuki hao hao. Lile la kutega kwa kamba lilivumishwa upande wa walioshindwa, na ukilifikiria utaona kwa nini. Kushindwa na watu 1,000 ukiwa na 8,000 ni aibu. Kushindwa kwa hila ya mdudu kuna nafuu yake.

Na Kiswahili nacho kimechangia kuukoroga uji huu. Sisi mzinga ni wa nyuki na mzinga ni wa kulipulia ngome. Mzee aliyesema "siku ile mizinga ililia Tanga" hakusema uongo, ila aliyemsikiliza ndiye alipaswa kuuliza mizinga ipi. Mwalimu ana dhana yake kwamba nusu ya historia ya pwani imepotelea kwenye maneno ya namna hii. Mimi naona amezidisha chumvi, lakini nilipomwambia hivyo alinilipisha kahawa.

Kesi yake mwalimu hasa ilikuwa hii: mzinga wa gogo haujitundiki. Kuna mtu alilichonga lile gogo, akalitoboa, akapanda mti, akalifunga, akasubiri miezi. Asali ile ilikuwa yake. Siku mbili za vita vya watu wawili wa mbali, mizinga yake imekuwa vibanzi, na zawadi ya sifa akapewa Mjerumani. "Ujumbe unasema wajue historia yao," mwalimu akasema. "Yao ipi? Humo ndani mtu wa Tanga yuko wapi?" Nikamwambia hata wapagazi hawamo. Akasema wapagazi walau wameachiwa sokoni, maana Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kwenye vita hivyo hivyo, ingawa wanaogombania bei ya mitumba pale hawana habari.

Ndipo nikapata wazimu wangu. Nikasema nitautafuta mwanzo wa ujumbe huu. Kwa nini isiwezekane? Kila mtu aliupata kwa mtu. Nikaanza na mwalimu: aliupata kwa mpwa wake aliyeko Temeke. Mpwa akasema aliutoa kwenye kundi la waliomaliza kidato cha nne pamoja, aliyeuweka ni dada mmoja nesi, yuko Muheza. Nesi alichukua siku nne kunijibu, nadhani alidhani namtongoza. Mwishowe akaniambia alitumiwa na mjomba wake anayeishi Maskati. Nikamwandikia mjomba kwa adabu zote, nikajitambulisha, mimi fulani, fundi simu, natoka Ngamiani, naomba kujua. Akanirudishia sauti ya dakika nzima. Kwanza alinisalimia, akauliza mvua, akauliza kama yule mzee wa mikate ya mofa bado yupo. Mwisho kabisa:

"Ama ule wa nyuki, mwanangu, nimeletewa kutoka huko huko kwenu Tanga. Namba yenyewe sikuihifadhi jina."

Zilikuwa zimepita karibu wiki tatu. Kijiweni walipolisikia hilo mtu mmoja alimwaga kahawa. "Tanga hiyo, mgosi! Waja leo warudi leo!" Na mimi nimekuwa naitwa Maskati mpaka hivi leo.

Lakini kuna kitu kilinikaa kichwani. Pale kijiweni, mtu akileta neno, swali la kwanza ni "kwa nani?" Hata kabla ya kuuliza ni kweli au si kweli. Umesikia kwa nani? Kwa fulani. Aa, fulani yule wa Chuda, huyo mpe nusu. Au: fulani alikuwapo mwenyewe? Basi endelea. Kila mtu ana uzito wake, anajulikana anapopunguza na anapoongeza. Tunaita redio mbao kwa dharau, lakini redio mbao ina mtangazaji, na mtangazaji ana mke, ana deni dukani, kesho atakaa kwenye benchi hilo hilo. Akidanganya anaitwa Maskati.

WhatsApp imekuja kuliua swali hilo moja. Mengine yote naisifu. Mimi ndiye wa mwisho wa kuisema vibaya, inanilisha, na bila hiyo mwalimu asingemwona mjukuu wake aliyezaliwa mbali. Na wenyewe waliona tatizo: Januari 2019 walipunguza, ujumbe ukawa hausambazwi kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mkupuo, na Aprili 2020, wakati wa korona, ule uliokwisha kuzunguka sana ukawa unapelekwa kwa mmoja mmoja. Vizuri. Ila vile vishale viwili vinanieleza kwamba wengi wamepita hapa, havinielezi nani. Ni kama kukuta nyayo nyingi kisimani. Halafu mtu akiamua kunakili maneno na kuyabandika upya, hata vishale vinapotea, neno linaonekana limezaliwa asubuhi hiyo. Wateja wangu wanaijua hila hiyo kuliko mimi. Kuna bibi mmoja haoni vizuri, namwekea maandishi makubwa, lakini kunakili na kubandika anafanya kwa kidole gumba bila kutazama.

Niliijaribu na programu moja ya kujibu maswali, hizi za akili ya mashine. Nikaiuliza kwa Kiswahili safi kuhusu vita vya Tanga. Ikanijibu kwa Kiswahili safi zaidi yangu kwamba vilipiganwa kwenye Ziwa Tanganyika. Nikaiambia siyo. Ikaniomba radhi, ikanipongeza kwa swali zuri. Sikuikasirikia, nilikosa tu pa kuikasirikia. Muongo wa kijiweni unamwona anavyotazama pembeni.

Nirudi kwenye jambo la Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, maana sijalisahau. Asubuhi watu walianza kuniletea simu. Huyu kasema yake imeungua, yule kasema mtoto kaiangusha, mwingine anamlaumu mke. Hadi adhuhuri nilikuwa na simu kumi na nne mezani, na hakuna hata moja mbovu. Intaneti ndiyo ilikuwa imekufa: nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Jaribu kumweleza hilo mama aliyebeba simu ya laki tatu. "Chini ya bahari? Wewe fundi sema umeshindwa niipeleke kwa mwenzio." Watu wanaamini mtandao uko hewani, unashuka kama mvua. Na neno letu lenyewe linatuambia, simu asili yake ni Kiajemi, maana yake waya. Waya huo ni wa zamani pwani hii: Unguja iliungwa na Aden 1879, na kutoka Unguja waya ukavuka hadi Bagamoyo mwaka 1890. Wazee walipoita simu walikuwa wanaiona. Sisi tumeuficha baharini, tukasahau.

Jioni ile kijiwe kilijaa kama usiku wa kuamkia Idi. Vijana ambao huwa wanapita na vichwa vimeinama walikaa. Habari zilizokuja siku hiyo zote zilikuja na mtu: dereva wa Korogwe kaleta ya ajali, mchuuzi wa samaki kaleta ya bei ya nguru, na mmoja akaleta kwamba Wachina ndio wamekata waya. "Kwa nani?" Akakosa. Ikaishia hapo, haikufika hata barabara inayofuata.

Mwalimu siku hiyo ndiyo alinitolea habari za Kiongozi. Silisemi hili gazeti la kanisa lililoanza 1950, hilo ni jingine, jina moja tu. Kiongozi ninalolisema lilichapwa hapa Tanga kuanzia 1904, kwenye shule ya serikali ya Mjerumani, kwa Kiswahili. Walowezi walikuwa na lao la Kijerumani, Usambara-Post, mji huu huu. Ndani ya Kiongozi walimu na makarani waliotawanyika nchi nzima walileta barua, habari za miji waliyopo, na mashairi. Lilikufa 1916, mwaka ambao Waingereza walirudi na safari hiyo wakauchukua mji. Mtu asinielewe vibaya, halikuwa gazeti huru. Lilikuwa mdomo wa serikali, na sifa za wakubwa zimejaa mle kama mawaridi kwenye simu za wateja wangu. Asiyetaka kusifu alinyamaza. Lakini mwenye kuandika aliweka jina na mji wake. Ukitaka kubishana naye ulijua pa kupeleka barua.

"Ndivyo tutakavyofanya," mwalimu akasema.

Akaja kibandani kesho yake intaneti ikiwa bado inachechemea, akavuta kigoda, akanisomea, mimi nachapa. Alikuwa ameandika kwenye daftari la mistari kwa peni nyekundu. Aliweka yote: meli, saa moja ya Auracher, treni, magogo, nyuki waliouma kotekote, na mwenye mizinga ambaye jina lake halikuandikwa popote. Alinifanya nifute mara tatu neno "adui", akisema adui wa nani. Chini akataka iwekwe hivi: jina lake lote na la baba yake, mwalimu mstaafu, Ngamiani, Tanga. Mwenye kupinga aje, kahawa ipo. Nikamwambia ni ndefu, watu hawasomi. Akasema aliyechoka alale. Mtandao ulipotulia tukaituma kwa mpwa Temeke, kwa nesi Muheza, na kwa mjomba wa Maskati, aliyejibu papo hapo kwa waridi.

Zikapita kama siku kumi. Akaja kijana wa bodaboda, simu imejaa, kioo kimepasuka pembeni, anataka ya bei nafuu. Nikaanza kufuta. Kati ya video ya mpira na risiti ya mkopo nikakuta JE WAJUA? kwa herufi kubwa, na chini yake maneno ya mwalimu. Yale yale, na "kotekote" yake. Wajerumani 1,000 walikuwa wamepungua hadi 100. Mwenye mizinga hayupo. Jina halipo, kahawa haipo. Pamewekwa picha ya mzinga wa kisasa, wa sanduku, umepakwa rangi ya manjano, na mwisho: Tuma kwa watu 10.

Nilimpelekea mwalimu barazani kwake. Akatoa miwani, akaifuta kwa kanzu, akasoma polepole mpaka chini, kidole kinafuata mstari.

"Huyu anajua kuandika," akasema. "Hesabu tu ndiyo mbovu. Umeipata kwa nani?"

"Mwalimu, hii ni yako."

Akarudia kusoma. Safari hii alichukua muda zaidi, akafika mwisho, akaangalia pale ambapo jina lake lingekuwa. Kisha akanirudishia simu.

"Nitumie na mimi," akasema. "Iweke pamoja na ile nyingine."